Siku Sita za Wema wa Shemeji

Jumatatu, 4 Agosti

Tumefika. Nina hasira.

Niandike mapema ili kumbukumbu ikae sawa: sikutaka kuja. Shemeji, yaani mume wa mdogo wangu wa kike, anatimiza miaka ishirini ya ndoa. Akaamua kutualika mimi na mke wangu kwenye hoteli ya kifahari kisiwani, ufukweni kabisa, mpaka Jumamosi. Nilimjibu kwamba nitalifikiria. Nilipogeuka, mke wangu alikuwa ameshafunga sanduku na kuvaa kofia.

Shemeji anauza magodoro. Ana maduka manne. Mimi nimesoma mita za maji miaka thelathini na moja, nimeng'atwa na mbwa mara tisa, na safari pekee niliyowahi kulipiwa ni ya kwenda kuchomwa sindano.

Mapokezi walituletea vitaulo vya baridi kwenye sinia. Nikajifuta uso, shingo, kwapa na viatu. Shemeji alijipangusa ncha za vidole tu. Maringo!

Chumba chetu kilitazama ua wa nyuma: matangi ya maji na mashuka yaliyoanikwa. Chao kilitazama bahari. Ahaa! Nikajua nimempata. Nikashuka ngazi huku nikipanga maneno, makali kabisa, mengine nilikuwa nimeyatunza tangu mwaka jana. Kabla sijafungua mdomo, shemeji akasema wamechanganya funguo, cha baharini ndicho chetu. Uongo mtupu! Bahasha ya ufunguo ilikuwa na jina lake, niliiona kwa macho yangu.

Amenipokonya ugomvi wangu. Nimeketi roshani. Natazama bahari kwa uchungu mkubwa.

Jumanne, 5 Agosti

Leo nilikusudia kushika usukani. Kaka mkubwa ni mimi.

Wakati wa chakula cha mchana nilinyakua orodha ya vyakula kabla shemeji hajanyoosha mkono. Nikamwambia mhudumu kwamba meza hii naagiza mimi. Orodha ilikuwa kwa lugha ambayo sijui hata inasemwa wapi. Sikutetereka. Nikaweka kidole kwenye mstari wenye maneno marefu kuliko yote, kwa hesabu kwamba maneno mengi ni chakula kingi. Mke wangu na mdogo wangu walikataa uongozi wangu, wakajichukulia kuku.

Ikaja nyama. Mbichi! Imekatwa nyembamba kama karatasi ya risiti, imemwagiwa ndimu na majani matatu. Mhudumu akauliza kwa upole kama ndivyo nilivyotaka. Nikamwambia ndivyo ninavyokula nyumbani. Mke wangu akaanza kukohoa.

Nikala. Niliitafuna ile nyama huku nikimtazama shemeji usoni ili acheke, nipate pa kuanzia. Hakucheka. Alimwita mhudumu akaagiza sahani ileile, akasema mlo kama huo haufai kuliwa na mtu mmoja. Akala yote. Akanisifu kwa kumfungua macho.

Mtu gani huyu? Hagombani! Ni kama kupiga ngumi godoro.

Tumbo limenisumbua tangu saa tisa. Yeye tumbo lake halina neno. Hata tumbo linampendelea.

Jumatano, 6 Agosti

Balaa la leo chanzo chake ni mke wangu. Alikumbusha watu kwamba siku ya harusi ya mdogo wangu niliwasimulia wageni jinsi nilivyovuka mto ule mpana kwa kuogelea, nikiwa kijana. Kweli nilivuka. Kwa daraja. Lakini ndani yangu ilikuwa kama kuogelea.

Shemeji alifurahi kama mtoto. Akasema saa nne tutakwenda wote kuogelea na kuangalia samaki wa rangi, na mimi niongoze.

Mpango: nijifunze kuogelea kabla ya saa nne. Saa moja asubuhi nilikuwa kwenye kidimbwi cha watoto. Bibi mmoja mgeni mwenye kofia ya mpira aliniona nikihangaika, akanionyesha namna ya kupiga miguu. Baada ya robo saa nilikuwa naenda vizuri sana, isipokuwa nilikuwa narudi nyuma. Bibi akaondoka akitikisa kichwa. Mwalimu mbovu.

Saa nne tukaingia baharini. Nilitangulia. Ghafla kitu laini kikanigusa mguu. Nikaanguka, nikameza chumvi ya kutosha kupikia msiba, nikapiga kelele kwamba nakufa, waje, mke wangu asiolewe tena. Shemeji alikuja mbio akanishika chini ya mabega, akanisimamisha. Maji yalinifika magotini.

Ufukwe mzima ulikuwa unatutazama. Shemeji akawatangazia watu kwa sauti kwamba nimekakamaa misuli, jambo linalowapata waogeleaji wakubwa. Anawezaje kunisingizia ukubwa mbele za watu?

Mpiga picha wa hoteli alikuwapo. Picha imebandikwa mapokezi: shemeji amenibeba kama bwana harusi. Nimeibandua. Jioni ilikuwepo nyingine, kubwa zaidi.

Alhamisi, 7 Agosti

Basi imetosha! Kuna jambo moja duniani ambalo shemeji halijui na mimi nalijua mpaka kwenye mfupa: maji.

Niliona mita ya hoteli nyuma ya chumba cha kufulia. Mshale ulikuwa unazunguka kama una wazimu. Miaka thelathini na moja sijaona mzunguko ule! Nikaelewa palepale. Bomba linavuja chini kwa chini. Hoteli ya kifahari, kumbe choo kibovu! Leo ndiyo siku yenyewe ya kutimiza miaka ishirini, kuna chakula cha jioni, wageni watasimama kusema maneno. Nami nitasimama. Nitaeleza mbele ya meneja kwamba shemeji ametuleta mahali panapovuja. Kwa takwimu.

Kipimo ni rahisi. Unafunga koki kuu dakika mbili. Mshale ukiendelea, maji yanavuja. Nikafunga. Mshale ukasimama tuli.

Nilikasirika. Nikaipiga mita teke dogo la kikazi. Bado tuli. Nikataka kufungua koki. Haikufunguka. Nikatumia nguvu. Mpini ukabaki mkononi mwangu.

Sikukimbia. Nilitembea haraka.

Kufika bustanini nikasikia hoteli nzima inalia. Watu walitoka roshani wamejaa povu. Mzungu mmoja alikuwa amefumba macho akiuliza nani kazima. Hapo nilikuwa bado nafurahi kidogo, nakiri. Halafu nikasikia sauti ninayoijua, kutoka saluni.

Mdogo wangu alikuwa amepakwa dawa ya kulainisha nywele. Dawa ile haingoji. Ikipita dakika zake inachoma. Na mabomba yote yalikuwa makavu. Msusi analia, mke wangu anakimbia na beseni tupu, mdogo wangu ameshika kingo za kiti anasema kichwa kinaungua, kinaungua.

Shemeji alipita karibu yangu na katoni mbili za maji ya kunywa begani. Sijawahi kumwona anakimbia hivyo, hata kwa ajili yangu. Akapiga magoti sakafuni, akainamisha kichwa cha mkewe kwenye beseni, akawa anafungua chupa kwa meno na kumwagia, chupa baada ya chupa, anampulizia utosini na kumwambia, "Bado kidogo mama, bado kidogo."

Mimi nilikuwa mlangoni. Na mpini mkononi.

Mdogo wangu alipoinua kichwa aliuona. Upande wa kulia, juu ya sikio, nywele zilikuwa zimenyonyoka.

"Kaka," akasema, "nilipokuwa mdogo ulinibeba mgongoni kunipeleka shule. Tangu niolewe, mimi ndiye ninayekubeba. Nimechoka. Nimechoka, unanisikia?"

Nikamwambia mpini ulikuwa na kasoro ya kiwandani.

Chakula cha jioni hakikuwapo. Na mke wangu kanigeuzia mgongo tangu alasiri.

Ijumaa, 8 Agosti

Meneja aliniita ofisini. Niliingia nimekunja uso, tayari kwa vita. Shemeji alikuwa ameshatangulia! Alikuwa anamweleza kwamba mimi ni mtaalamu wake wa maji, kwamba yeye ndiye aliyenituma nikague, na kosa lote ni lake. Meneja akainua mikono. Fundi bomba wa hoteli, kijitu chenye kiburi, akanifafanulia kwamba mshale huzunguka kwa sababu watu mia mbili wanaoga. Ananifafanulia mimi!

Shemeji akaniomba tukae ufukweni, sisi wawili. Nikakaa. Nilitaka anitukane ili tumalizane.

Alivua viatu, akakung'uta mchanga. Kisha akasema, "Nilipokuja kuposa, mzee wenu alikuwa ameshatutoka. Wewe ndiye uliyekaa kwenye kiti chake. Uliniuliza swali moja tu, kama viatu nilivyovaa ni vya kuazima."

Sikumbuki swali hilo. Nakumbuka viatu. Vilikuwa vikubwa.

"Vilikuwa vya kuazima," akasema. "Nikajua umeniona mpaka ndani. Shemeji, miaka ishirini nangoja useme neno moja tu, kwamba mdogo wako hakukosea."

Nilimwona tena na zile chupa, na magoti yake sakafuni. Neno lilikuwa hapahapa, kwenye ncha ya ulimi, na si refu. Nikafungua mdomo.

Nikasema, "Lile godoro ulilotuletea limebonyea katikati."

Akanitazama. Kisha akacheka, akacheka mpaka machozi, akanipiga bega na kusema nikifika nyumbani nitalikuta jipya.

Nimeshindwa tena!

Jumamosi, 9 Agosti

Tumeondoka na boti ya saa tatu. Mdogo wangu amejifunga kitambaa kichwani. Hakusema nami gatini. Ila tulipopanda alinipa mkoba wake nimshikie, bila kunitazama. Tangu utotoni hiyo ndiyo njia yake ya kusema mambo yameanza kupoa. Niliushika kwa mikono miwili mpaka tulipofika. Nilitaka kumwomba radhi, lakini injini ilikuwa na kelele. Ilipozimwa, nilikuwa nimeshapata wazo.

Wazo lenyewe ni kubwa. Kosa langu lote lilikuwa hili: nimekuwa nikipigana na mtu huyu kwa ubaya, na ubaya haumwingii. Silaha yake ni wema. Kwa nini isiwe yangu?

Nikasimama katikati ya boti nikatangaza kwamba mwakani wote ni wageni wangu, wiki mbili, hoteli kubwa kuliko ile, na shemeji hatagusa hata sanduku lake. Abiria tusiowajua walishangilia. Mke wangu aliweka kiganja usoni. Shemeji alinikumbatia huku machozi yanamlenga, akasema hajawahi kusikia maneno mazuri kama hayo kutoka kwangu.

Acha alie. Hajui kinachomngoja. Nitamfungulia milango, nitambebea taulo, nitamsifu mbele za watu kutwa kucha. Nitamtendea wema mtu yule mpaka ashike adabu.