Kitufe Kisicho na Kazi

Jumatatu, 4 Agosti 1997
Kibodi mpya imefika dukani kwetu, tunakochapa kadi na matangazo. Ina kitufe cha ziada chenye alama ya dirisha, chini kushoto. Nani alikiomba? Nikichapa haraka kidole changu kidogo hukigusa, menyu inachomoza, kazi inakwama. Na wiki yenyewe ndiyo hii! Bwana Praful, mwenye duka, amesema Ijumaa atachagua mkuu wa chumba cha kompyuta: mimi au Bochaberi. Bochaberi anachapa kwa vidole viwili. Cheo ni changu.

Jumatano, 6 Agosti
Rafiki yangu anayeishi Tabaka kanipa disketi yenye programu ya kubadilisha kazi za vitufe. Maajabu! Sasa kile kitufe kikiguswa mara moja tu kinaandika chenyewe maneno ya matangazo yetu yote ya mazishi: "Aliugua kwa muda mfupi. Atazikwa nyumbani kwake." Bochaberi akauliza itakuwaje nikikigusa kwa bahati mbaya, kama kawaida yangu. Nikamwambia aache wivu.

Ijumaa, 8 Agosti
Mama Nyasani wa Manga kaja saa kumi akitaka kadi themanini za harusi ya mwanawe. Haraka, Sabato isimkute mjini. Kesho zigawiwe kanisani. Nikachapa bila kutazama skrini. Bochaberi akasema nisome kwanza. Nisome nini, na jua linazama? Mama akaondoka akinibariki. Bwana Praful akasifu kasi yangu mbele ya wateja. Mimi ndiye mkuu! Nimejichapia kibao cha mlangoni.

Jumatatu, 11 Agosti
Balaa. Mama Nyasani amefika kabla hatujafungua, bwana harusi nyuma yake, mzima kabisa. Kadi zilisema: "Karibuni kwenye harusi ya Nyasani na Esnah. Aliugua kwa muda mfupi. Atazikwa nyumbani kwake." Jana majirani walifika na kuni na mikungu ya ndizi, wanawake wakilia tangu barabarani. Nyasani mwenyewe ndiye aliyewafungulia lango. Shangazi alizirai. Sasa wakwe wanauliza ni ugonjwa gani huo, na hakuna harusi mpaka daktari aandike barua.
Niliona aibu, nakiri. Kama dakika tano hivi. Bwana Praful kampa Bochaberi cheo, kisha yeye mwenyewe akabandua kibao changu.

Jumanne, 12 Agosti
Bochaberi amekifunika kile kitufe kwa plasta. Woga tu. Mimi nimehamishiwa kwenye mashine ya fotokopi, eti huko siwezi kuharibu kitu. Nimeichunguza vizuri. Ina vitufe kumi na vinane na tunatumia kimoja. Kumi na saba vimekaa bure! Nimetuma salamu Tabaka: rafiki yangu aje kesho, na abebe bisibisi.