Picha ya Babu na Kiti cha Karibu na Feni

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimewanyamazisha wote kwa kinyozi. Nimesema yule mtawa wa mlimani, ambaye mama humtaja kila akisali, hakuwahi kuishi. Maandishi hakuna, picha hakuna, na mashahidi wote ni wafuasi wake. Kinyozi akasema enzi zile kamera zilikuwa bado. Visingizio. Nikajinyoosha kwenye kiti changu cha karibu na feni, nikajiona profesa.

Shemeji, mume wa dada yangu, fundi wa kuchomelea, akauliza taratibu kama babu yangu mzaa mama ana maandishi au picha. Hana. Shahidi je? Mama. Na mama si mfuasi? Watu wakacheka mpaka wembe ukasimama. Nimepewa hadi Jumamosi: nithibitishe kuwa babu aliishi, la sivyo nimwombe mama radhi mbele ya wote na kiti kiende kwa shemeji. Kiti changu! Amekimezea mate tangu siku ya harusi yake.

Jumanne, 5 Machi

Habari zimeshafika nyumbani. Mama ameniuliza kama basi yeye hana baba. Nikamweleza kwamba kitaalamu suala bado liko wazi. Tangu hapo hasemi nami. Chai imekuja bila sukari, na sukari kaificha.

Nimetafuta mashahidi wasio ndugu. Bibi wa nyumba ya pili anamkumbuka babu vizuri kabisa: mrefu, mpole. Fundi viatu naye anamkumbuka vizuri kabisa: mfupi, mkorofi. Nimetoka kumtafuta babu mmoja, nimerudi na wawili.

Alhamisi, 7 Machi

Dawa imepatikana. Koti la babu limo sandukuni kwa mama. Lenyewe si ushahidi, maana limeshabadilishwa vifungo, kola na bitana. Lakini koti lenye mtu ndani ni habari nyingine. Mama alipokwenda sokoni nikalichomoa, mbio kwa mpiga picha za vitambulisho. Mikono mifupi, makwapa yanabana. Mpiga picha akapigiwa simu, akaongea weee, mimi nimekaa nimenuna kizamani huku naangalia saa ya mkononi. Hatimaye akapiga. Picha imetoka bila rangi. Nimeilowesha kwenye ile chai isiyo na sukari, ikazeeka papo hapo. Nimeianika dirishani.

Ijumaa, 8 Machi

Balaa. Mama ameiwahi. Nimemkuta dirishani ameishika kwa mikono miwili, analia bila sauti. Maisha yake yote hakuwahi kuwa na picha ya baba yake. Nikafungua mdomo niseme ukweli, nikaikumbuka feni, nikaufunga. Ametoa cheti changu cha kuvuta kamba kwenye fremu, akamweka babu, akamtundika sebuleni. Sukari imerudi. Nimejisikia vibaya mpaka kikombe cha pili.

Jumamosi, 9 Machi

Mama amekataa picha itoke nje, kwa hiyo kinyozi na shemeji wamekuja sebuleni. Shemeji akaisogelea. Akaitazama picha, akanitazama mkononi, akarudi kwenye picha. Kisha akamtazama mama, ambaye alikuwa anafuta kioo kwa upindo wa nguo yake. Akasema basi, amekubali, babu aliishi na kiti ni changu. Nilijua hoja zangu zingemshinda tu.

Jumapili, 10 Machi

Mama ameniita nikae naye mbele ya picha. Akasema kwa upole kwamba baba yake hakuwahi kuvaa saa hata siku moja. Nikatazama. Saa yangu, na mkanda wake wa plastiki. Akaendelea kwamba hata hivyo alikuwa akikaa hivyohivyo, bega moja juu, kama anabishana na kiti; yeye alishasahau, mimi nimemrudishia. Akaongeza kwamba hata huyo mtawa, yeye hajawahi kumdai picha. Akanimiminia chai, sukari akatia mwenyewe.

Nimeyapima maneno yake. Shahidi ni mtoto wa mhusika, tena amelia, kwa hiyo hafai. Saa ni kasoro ndogo, mpiga picha ataifuta. La msingi liko wazi, na kesho nalitangaza nikiwa kitini, feni ikinipuliza: babu yangu ana picha, mtawa hana.