Kiti Kilichoongezewa Miguu

Jumanne, 6 Mei. Mawingu asubuhi, upepo kidogo.

Binti yangu amepiga simu kabla sijamaliza chai. Ni muuguzi, kwa hiyo huongea na watu wote kama wagonjwa, hata mama aliyemzaa. Jumapili anakuja kunipima. Nitakaa kitini, nitakunja mikono kifuani, nitainuka bila kushika kitu. Nikishindwa, nahamia kwake, chumba cha nyuma. Hakuna mjadala.

Haya yote kwa sababu wiki iliyopita alinikuta nimenasa kwenye kochi. Nilimwambia napumzika. Akauliza napumzika tangu lini.

Chumba cha nyuma nakijua. Dirisha linatazama ukuta. Mkwe wangu akiangalia mpira, vikombe vinatikisika kabatini. Na ataajiriwa msichana wa kunishika mkono kwenda bafuni. Mimi! Niliyetunza stoo ya shule mpaka nikastaafu, na ufunguo haukupotea hata mara moja!

Jirani wa chini, mshonaji mstaafu tunayemwita Bi Cherehani, anataka nijiunge na kikundi chake cha mazoezi uani. Wazee wazima wananyoosha mikono juu kama nguo zilizoanikwa. Asante, hapana. Mwenye akili hahitaji jasho.

Mpango nimeshaupata. Tatizo si magoti. Tatizo ni kiti kifupi.

Jumatano, 7 Mei. Jua kali.

Seremala wa mtaa wa pili atakiongezea kiti miguu. Ila amekataa kupanda ghorofa ya tatu, ati magoti yanamsumbua. Kijana wa kumzaa! Nimekishusha mwenyewe. Ngazi moja, pumzi moja. Bi Cherehani alikuwa mlangoni kwake. Akauliza, "Shoga, unahama?" Nikasema la kwanza lililonijia: kiti kina kunguni, nakipeleka juani. Uongo safi kabisa. Nimeridhika nao.

Ijumaa, 9 Mei. Mvua ya ghafla mchana.

Seremala amezidisha. Nimepandisha kiti, nimekaa, miguu inaning'inia kama ya mtoto kwa kinyozi. Kushuka ni kuruka. Nimekirudisha, akapunguza. Nimekipandisha, kikayumba. Nimekirudisha tena. Seremala anasema mama, una nguvu wewe. Nimemwambia aache maneno, apime miguu yote minne.

Jambo la ajabu: jioni nimefika juu na kiti bila kupumzika popote. Bila shaka ametumia mbao nyepesi.

Balaa lingine. Habari ya kunguni imeenea. Jengo zima lilitoa magodoro nje, mvua ikayakuta huko huko. Mwalimu wa ghorofa ya pili hanisalimii. Bi Cherehani ananionea huruma. Heri asingenisalimia naye.

Jumamosi, 10 Mei. Baridi, halafu jua.

Majaribio. Nakaa, nainuka kama malkia. Nakaa, nainuka. Nimerudia mchana kutwa ili kesho ionekane ndiyo kawaida yangu. Kiti bora! Nimekitandikia kitambaa kirefu kuficha viungio.

Jumapili, 11 Mei. Anga safi. Nilidhani ni dalili njema.

Binti amekutana na Bi Cherehani kwenye ngazi. Ole wangu. Shikamoo aliitoa huku akitazama huku na huku, akauliza kiti chenye kunguni ni kipi. Nikasema hakuna kunguni. Akasema mama, mtaa mzima unajua. Akakishika kwa vidole viwili, akakitoa nje hadi roshani, akafunga mlango. Kochi nalo akalikataa, kunguni huhama. Kikabaki kigoda cha kufulia.

Kigoda! Nikakaa. Magoti yakakaribia masikio. Nikakunja mikono. Nikauona ule ukuta, nikamwona yule msichana. "Haya mama, taratibu tu," akasema binti, kwa sauti ile ya wodini.

Mara mlango ukasukumwa. Bi Cherehani na ndoo ya maji ya moto! Anatangaza kwamba shoga yake asione haya, umri ukienda hata usafi humshinda mtu.

Umri! Usafi! Nikasimama nimjibu. Nikamwambia nyumba hii haijawahi kuona kunguni, na kiti kile nimekibeba kwa mikono yangu, kushuka na kupanda, na yeye akiweza kukifikisha hapo mlangoni tu, nitakula sabuni.

Binti alikuwa ananitazama magoti. "Mama," akasema, "umesimama." Mikono bado imekunjwa.

Sihami! Binti alicheka mpaka akajifuta machozi, akanikumbatia, akauliza nimekuwa nikifanya mazoezi gani. Nikamjibu ukweli mtupu: hata moja. Bi Cherehani amepiga deki kwa maji yake na kuondoka. Amesema kesho uani, saa kumi na mbili unusu, nafasi yangu ipo.

Nimelitafakari jambo hili kwa utaratibu. Kilichoniokoa ni kiti, ingawa sikukikalia. Bila mpango ule, sasa hivi ningekuwa nafunga masanduku. Nitaendaje mazoezini na kazi zote hizi? Maana mwezi wa nane binti anarudi kunipima kusimama kwa mguu mmoja. Mpango tayari: kabati la chumbani likae karibu na dirisha, niliegemee kwa kiwiko asione. Ila ni refu mno. Itabidi lishuke kwa seremala akalikate.

Nimelisukuma kidogo kujaribu. Limefika mlangoni.

Nalala saa nne unusu.