Namna ya Kunasa Kijipira Namba Nne

Jumatatu, 9 Februari
Bi Etelvina, karani wa kitivo, amethibitisha leo: nikianguka tena Ijumaa, narudia Fizikia mwaka mzima. Itakuwa mara ya nne. Amenipongeza kwa uaminifu wangu kwa somo.

Mtihani ni wa mdomo. Unazungusha pipa, unatumbukiza mkono, unatoa kijipira. Namba yake ndiyo mada yako. Mada ziko kumi na mbili. Najua moja: namba nne, migongano. Moja inatosha, mradi niitoe hiyo.

Jumanne, 10 Februari
Nimepata dawa! Vijipira ni vya plastiki. Plastiki ikisuguliwa kwa sufu hupata chaji. Nitakisugua namba nne mapema, kinase kiganjani chenyewe. Nimekokotoa nguvu: chaji ya kulombi mbili kila upande, umbali sentimita tano. Jibu: uzito wa tani bilioni moja na nusu. Inatosha.

Jumatano, 11 Februari
Nélida tunasoma naye. Hufanya maswali kumi kila siku. Hana shughuli nyingine, maskini. Tulipokuwa tukinywa chai ya majani ya mate, akaiona hesabu yangu. Akauliza kama nataka kutoa kijipira au kuuhamishia mji wetu wa Rosario ng'ambo ya mto. “Chaji hizo ni sehemu za milioni za kulombi, bwana mkubwa! Milioni umeiacha wapi?”

Wivu tu.

Ijumaa, 13 Februari
Nyuzi joto thelathini na nane. Nimevaa sweta la sufu. Nikamsaidia Don Abelardo, mhudumu, kubeba pipa. Njiani nikakisugua namba nne mara mia mbili. Akauliza kama naumwa. Jasho! Kijipira kikalowa.

Zamu yangu. Mkono ndani. Hakikunasa kitu. Nikatoa tisa: nguvu za umeme.

Profesa Iriarte akauliza: vijipira viwili, kila kimoja chaji ya sehemu mbili za milioni za kulombi, sentimita tano, nguvu kiasi gani? Hesabu yangu hasa! Nikajibu bila kusita: sawa na tani bilioni moja na nusu. Akavua miwani. Akaniomba nirudie, wenzake wawili wasikie vizuri.

Alama mbili kwa kumi. Nélida kapata tisa.

Jumamosi, 14 Februari
Nimechunguza chanzo. Hesabu haina kosa. Kosa ni la Februari: joto, unyevu, chaji yote inapotea. Nélida kaniletea daftari lake la maswali, kurasa mia mbili. Nimelirudisha bila kulifungua, nina kazi.

Masomo yanaanza Jumatatu, 16 Machi. Mtihani wa nusu mwaka ni Jumanne, 14 Julai. Majira ya baridi, hewa kavu.