Tanga Moja, Injini Mbili

"Hilo boti lako ni karai lenye usukani!"

"Na lako? Afadhali beseni, likitoboka linatupwa. Wewe umeling'ang'ania!"

Waliokuwa wakirushiana maneno juu ya uzio ni Daktari wa Meno na jirani yake, Mama Saluni. Maboti yao ya matembezi yalifungwa kwenye gati moja la mbao nyuma ya nyumba, na matanga yote mawili yalikuwa yamechakaa hadi upepo ukipita humo haupigi hata hodi. Na bado walikuwa wamewekeana dau mbele ya mtaa mzima: Jumapili watashindana kukizunguka kisiwa, kwa tanga tu, bila injini, na atakayeshindwa ahame gati.

Ng'ambo ya barabara, Sharubati alikuwa anang'arishiwa viatu. Jina alipewa kwa utamu wa ulimi. Kazi yake hasa hakuna aliyeijua. Aliposikia neno "tanga" alivuka na kiatu kimoja king'aacho.

"Mkubwa," alimnong'oneza Dokta, "ninalo tanga jipya, kamba zake na makapi yake ya kupitishia kamba. Ila jirani asijue."

"Bei?"

"Bei gani tena baina yetu? Nipe ile injini yako. Jumapili itakuwa mzigo tu."

Mama Saluni naye aliambiwa hayohayo, ila "mkubwa" ikawa "dada yangu".

Tanga lenyewe lilikuwa moja, tena ukweli usemwe, lilikuwa turubai la kukodisha kwenye sherehe.

"Na hiki kiraka?" Mama Saluni aliuliza.

"Alama ya ubora, dada yangu. Matanga ya bandia hayana."

Basi kila asubuhi, Mama akiwa saluni, tanga lilipanda kwenye boti la Dokta. Jioni, Dokta akiwa na wagonjwa wake, lilipanda kwa Mama. Katikati lilikunjwa, eti lipumzike. Kufikia Ijumaa injini ya Mama ilikuwa tayari juu ya mkokoteni nyuma ya uzio. Ilibaki ya Dokta, naye alikuwa ameikalia kama kuku anayeatamia.

"Kapi la juu bado la zamani. Libadilishe, ndipo uondoke nayo."

Sasa, kapi la juu liko nchani mwa mlingoti, na huko mtu hapandi kwa maneno matamu. Unakalia kibao kilichofungwa kamba, mwenzako anakuvuta kutoka chini. Sharubati alikaa, Dokta akavuta. Mikono iliyozoea kung'oa magego ilimfikisha nusu, ikaishiwa nguvu.

"Jirani! Njoo unisaidie, fundi anaanguka!"

"Huyo usimwite!" Sharubati alilia huko juu.

Lakini umeme ulikuwa umekatika saluni na Mama alikuwa amerudi mapema. Mikono iliyosuka vichwa tangu usichana iliikamata kamba, na Sharubati akapaa hadi nchani kama bendera. Chini, wale wawili walijikuta wameshika kamba moja, na watu walioshika kamba moja hawawezi kununiana muda mrefu.

"Tanga zuri, Dokta," Mama alisema, akilitupia jicho pale lilipokunjwa.

"Limetoka nje hilo."

"Langu pia. Nilitaka iwe siri, lakini basi tu. Lina hata alama ya ubora pembeni, kiraka cha uzi mweusi."

"Kama hii?" Dokta aliionyesha pembe ya tanga kwa kidevu.

Wote wawili wakatazama juu. Sharubati alikuwa ameshughulika mno na kapi.

"Fundi," Dokta aliita taratibu, "injini ya Mama iko wapi?"

"Nishusheni tuongee kama watu wazima!"

"Ongea kama ndege. Tunakusikia."

"Tanga ni la mmoja wenu! Nishusheni niwaambie ni la nani!"

Ujanja mzuri huo. Siku nyingine wangekabana makoo palepale. Dokta alimtazama Mama, Mama akaitazama kamba, kisha akaifunga mafundo matatu kwenye nguzo ya gati.

"Letu," alisema.

Injini waliikuta nyuma ya uzio, wakairudisha wawili kwa mkokoteni uleule. Njiani walikubaliana Jumapili kupanda boti moja.

"Usukani wangu," alisema Dokta.

"Na kamba zangu. Wewe mikono huna."

"Jamani!" sauti ilitoka angani. "Na mimi?"

"Wewe kaza kapi. Tukimaliza kula tunakuja kukagua." Mama Saluni alifungua mlango wa jikoni, akamshika jirani yake mkono. "Dokta, nawa, uingie. Chakula kiko mezani."