Njia Nne za Kujifunza Kuvalisha Kochi

Jumatatu, 4 Machi

Nimerudi kutoka kwenye mafunzo ya siku moja ya uongozi wa biashara ndogo. Ukumbi mdogo, viti vya plastiki, feni moja iliyompepea mwalimu peke yake. Mwalimu alisema kiongozi asiyejua yeye mwenyewe hujifunzaje hawezi kuongoza hata foleni. Tukajaza fomu ya maswali ishirini. Kuna watu wa macho, watu wa masikio, watu wa mikono na watu wa kusoma. Kinyozi, jirani wa karakana yetu, ametoka mtu wa mikono. Mimi nimepata tano, tano, tano na tano. Mwalimu aliitazama karatasi yangu, akaigeuza, akaitazama tena. Akasema tangu aanze kufundisha hajakutana na mtu kama mimi. Nikamshukuru.

Fomu imekuja wakati wake. Mama mkwe, mwenye karakana ya makochi, anarudi Jumamosi kutoka kutibiwa macho, na siku hiyohiyo atamtaja mtu wa kuiongoza moja kwa moja. Tuko wawili: mimi, niliyeishikilia kwa miezi mitatu, na shemeji, mdogo wa mke wangu, anayekata na kushona vitambaa. Shemeji anaijua kazi. Mimi naijua karakana ilipo. Pengo hilo nitaliziba kwa siku nne, njia moja kila siku.

Jumanne, 5 Machi

Macho.

Nimekaa kwenye stuli kando ya meza ya kukatia tangu saa mbili hadi saa tano. Ukiitazama kwa makini ni kazi ya ajabu. Shemeji hubana pini upande wa kushoto wa mdomo tu. Kona ikiwa ngumu, huimba wimbo usio na maneno. Kabla ya kukata hulaza kiganja juu ya kitambaa na kukipapasa, kwenda na kurudi, kama anambembeleza paka. Kwa nini? Nikaandika: kwa nini? Nilikuwa bado naandika alipokata.

Ikawa hivyo asubuhi nzima. Nikiinua macho, kitambaa kizima. Nikiinamia daftari, nasikia mkasi. Nikiinua tena, vipande sita. Nimejaza kurasa kumi na moja na sijauona mkasi ukiingia kwenye kitambaa hata mara moja.

Shemeji aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia naongoza. Akaniomba niongozee upande wa pili, maana nimeikalia chaki yake.

Jumatano, 6 Machi

Masikio.

Nilimwendea Mzee Randa, seremala wetu wa fremu, nikamwomba anieleze kazi yake yote, asiache kitu. Akafikiri sana. Kisha akasema, "Unapima. Unakata. Unaunga."

Nikangoja. Nikamwomba aongeze kidogo.

"Unapima vizuri."

Niliketi kwenye kiti kilichokuwa kimekamilika, nikafumba macho ili maneno yanikolee. Sauti iliyofuata kusikika ilikuwa ya daktari wa meno, mteja wetu mkubwa, akimuuliza shemeji kama yule bwana anauzwa pamoja na kiti. Nikaamka nikamweleza kwamba kila kiti chetu hujaribiwa na uongozi. Akasema vizuri, lakini mkono wa kiti umelowa mate.

Alikuja kukumbusha kwamba Jumamosi anafungua kliniki, na kochi refu la wagonjwa lazima liwe limefika asubuhi. Fremu tayari, sponji tayari. Kimebaki kitambaa: mahameli ya kijani, kipande cha mwisho cha jora. Shemeji alimwahidi. Na mimi nikamwahidi, kwa sauti kubwa zaidi.

Alhamisi, 7 Machi

Mikono.

Shemeji alitoka kwenda kupima viti vya mteja mwingine. Mahameli ilikuwa mezani. Mkasi pia. Nani angeweza kujizuia?

Nilianza na vipande vya mikono ya kochi, cha pili nikikikata kwa kukifuatisha cha kwanza. Mkasi ukiingia kwenye mahameli hausemi kitu, unateleza tu, na mtu unajiona fundi. Kipande cha kushoto kilikaa kama soksi. Cha kulia kikakataa. Nikakipindua: kikakaa, lakini upande wa ndani umetoka nje, mweupe kama tumbo la samaki. Nikajaribu kukivuta. Nikajaribu kuzungumza nacho. Mwisho nikakificha chini ya sponji.

Shemeji aliporudi, kitu cha kwanza alichochukua ni sponji.

Hakugomba. Aliniambia niweke mikono yangu mezani. Nikaiweka. Akauliza, "Inafanana?" Nikasema inafanana. Akaniambia niulaze mmoja juu ya mwingine bila kuupindua. Vidole gumba vikaenda kila kimoja upande wake. Miaka arobaini na miwili natembea na mikono hii, na sikuwahi kulijua hilo. Nimelirudia jaribio hilo mara nyingi jioni, mkono juu ya mkono. Mke wangu akauliza ninampigia nani makofi.

Ijumaa, 8 Machi

Leo nilikuwa nimepanga kusoma. Haikuwezekana.

Shemeji alituita mezani, mimi na Mzee Randa, na kutuuliza, mmoja mmoja, tungefanyaje bila mahameli ya mkono wa kulia. Ajabu, aliuliza kama mtu ambaye kweli hajui. Mimi nilipendekeza tumshauri daktari apende kochi lenye mkono mmoja. Mzee Randa akasema, "Mgongo unatazama ukuta."

Shemeji akamwelewa papo hapo. Kitambaa cha mgongo wa nyuma kinatosha kutoa mkono mmoja, na nyuma tuvalishe kitambaa cheusi cha kawaida. Lakini kwanza akampigia simu daktari, akamweleza kosa lote na kumuuliza kama kochi litaegemea ukuta. Nilitaka kumnyang'anya simu. Unamwambiaje mteja ukweli bila hata kubanwa? Daktari akajibu litaegemea ukuta, na kwamba watakaolikalia watakuwa wanawaza meno yao.

Kisha shemeji akanipa karatasi. Nikate kiolezo cha mkono wa kushoto, nikipindue, nikilaze juu ya kitambaa. Alisimama kando, hakugusa. Nikakata mahameli mimi mwenyewe, na mkono wa kulia ukakaa. Hatimaye nikamuuliza kuhusu kule kupapasa. Akakishika kiganja changu akakilaza: ukienda, kijani inang'aa, ukirudi, inakuwa nyeusi. Vipande vyote lazima vilale upande mmoja. Nilipapasa mpaka akasema inatosha.

Nikataka kujua yeye alijifunza kwa njia gani kati ya zile nne. Akasema alikuwa na miaka tisa, akakata mapazia ya mama yake, akaenda kumwambia kabla hajaulizwa. Akaniomba kesho nami nimwambie mama kabla sijaulizwa. Nikaahidi.

Jumamosi, 9 Machi

Kochi liliondoka asubuhi. Zuri.

Mama mkwe alifika saa sita, amevaa miwani myeusi. Akasalimia, akazunguka, akainama na kuokota kile kipande kilichoharibika. Akakipapasa mara moja tu. Akauliza nani amekata hiki.

Nilikuwa na hotuba ya kurasa tatu. Nikasema, "Mama, katika uongozi kuna changamoto." Akangoja. Nikasema ni mimi. Ilitoka yenyewe, na kwa muda mfupi nikajisikia mwepesi kabisa. Halafu nikaongeza kwamba nilifanya makusudi, ili kuwapima wafanyakazi.

Mzee Randa alikohoa kwa muda mrefu. Mama mkwe akavua miwani, akanitazama. Akasema madaktari walimwambia sasa anaona vizuri, na leo ndiyo ameamini.

Shemeji ndiye kiongozi. Mimi ni mwanafunzi wake kuanzia Jumatatu. Nitakata karatasi tu, mpaka atakaposema vingine.

Jumapili, 10 Machi

Nimetafakari siku nzima, na jambo liko wazi. Sikushindwa. Fomu ndiyo ilikuwa na upungufu. Kuna watu wa namna ya tano, wanaojifunza kwa kufundisha, na mimi ni mmoja wao.

Kwa hiyo nafungua darasa la uongozi wa biashara ndogo, kila Jumamosi, sebuleni kwetu. Tangazo nimeshalibandika. Mke wangu aliuliza nitafundisha nini. Nikamwambia kiongozi haanzi na mambo madogomadogo.

Mwanafunzi wa kwanza ameshajiandikisha: kinyozi. Aliuliza aje na nini. Nikamwambia aje na daftari na kalamu, na kama kuna chochote anachokijua kuhusu uongozi, aje nacho pia.