King'ora Badala ya Pampu

Nimeaibika leo, na mashahidi ni hawa: Injinia Harjit, mwajiri wangu pale Kilimani, Mama Nyokabi, mwenye nyumba za kupangisha Uthiru, wadogo zangu Wairimu na Mbugua, na masoja wawili, walinzi wa jengo, ambao hawakualikwa.

Tulikuwa tumeunda kompyuta ya kujaza tangi la maji la Mama Nyokabi. Kompyuta yenyewe ni kibao kidogo kama biskuti, kinachopachikwa juu ya bodi kubwa yenye swichi ya pampu na king'ora. Linux, programu inayoiendesha, haiwezi kukisia bodi kubwa imebeba nini. Lazima iandikiwe ndani ya kiini chake: mguu huu ni pampu, ule ni king'ora. Mimi husoma miguu, yaani pini za bodi, Injinia huiandika kwenye faili, na juu ya faili huweka jina lake.

Hapo juu ndipo ninapopatamani. Niliacha shule kidato cha pili, wazazi walipofariki, nikawalea hawa wawili. Tangu hapo jina langu huandikwa kwenye fomu zao tu, mahali pa mzazi. Injinia alikuwa ameniahidi, "Hii ikifanya kazi, faili ya bodi inayofuata utaandika wewe." Ndiyo maana niliwaleta wadogo zangu watazame. (Nilivaa hata tai.)

Asubuhi nilisoma miguu bodi ikiwa kifudifudi, kwa sababu lehemu huonekana vizuri upande wa chini.

"Una uhakika?" Injinia akauliza.

"Nimehesabu mara mbili." (Zote mbili kutoka chini. Ukigeuza bodi, kushoto huwa kulia.)

Kwa majaribio, pampu ilikuwa ndani ya ndoo ya maji. Nikamwambia Mama, kwa sauti ya mwalimu, "Sasa tazama maji." Nikabonyeza kitufe cha pampu. King'ora kikalia. Nikabonyeza tena, kwa nguvu zaidi, kana kwamba pampu haikunisikia.

Masoja wakaingia na rungu, wakapita kila mtu, wakanishika mimi.

"Mwachilieni, huyo ni brathe yetu," Wairimu akasema. "Anafanya kazi hapa."

"Kazi gani?"

Nikawaonyesha tai. Mbugua akachomoa waya.

"Kijana," Mama akasema, "mimi nilitaka maji. Askari sikuagiza."

Injinia akaingilia. "Kosa ni langu, Mama. Faili ina jina langu." Mama akamwongezea wiki moja ya kuirekebisha. Kisha akaniambia polepole, "Hiyo faili inayofuata pia wacha niandike mimi."

Chekeni, lakini kidogo. Mtu ameaibisha jina lake ili langu libaki safi, na langu bado halijaandikwa popote. Deni hilo sijui hata nianzie wapi kulilipa.